Fomu ya Macho

Jumatatu, 9 Juni

Somo la sita. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Kihonda, barabara ya vumbi nyuma ya maghala. Gari limenizimikia mara nne. Ijumaa lilizimika mara tisa. Ni maendeleo.

Mwalimu wangu wa udereva ni Zuhura. Ana miaka ishirini na sita, mimi hamsini na mbili. Mnyamwezi wa Tabora. Siku ya kwanza aliposikia mimi ni Mluguru alipiga makofi: kapata mtani. Tangu hapo mdomo wake hauna breki. Leo: "Mzee Mkude, gari hili lina gia tano. Wewe unatumia moja tu tangu uhuru?" Nikamwambia wakati wa uhuru sikuwa nimezaliwa. "Basi hiyo gia umeirithi."

Sababu ya mateso haya: barua ya kazi. Mhariri wa habari za serikali, Dodoma, kuanzia Jumanne, 1 Julai. Sharti la tatu ni leseni ya udereva. Gari la ofisi lipo, dereva hakuna. Wizara ziko Mtumba, Bunge liko mjini, ofisi ya gazeti iko kwingine kabisa, na katikati ni jua. Nimeshakwenda kule kikazi mara nyingi. Kila mara nilibebwa. Ule mji umepangwa kwa ajili ya watu wenye magurudumu.

Hapa Morogoro nimefanya kazi miaka ishirini na minne kwa miguu. Polisi, mahakama, hospitali, stendi ya Msamvu, soko, nyumbani. Sijawahi kuchelewa tukio.

Jumatano, 11 Juni

Kipilefti. Nimekizunguka mara tatu kabla ya kutoka. Zuhura akaniuliza kama natafuta mchumba mle katikati.

Mke wangu Stela amerudi kutoka shuleni kwake na maneno ya mtaani. Wazee wanaocheza bao pale kona wanasema nawapita bila shikamoo. Mara tatu wiki hii. "Wanasema umeshahamia Dodoma, umeacha miguu tu huku."

Nimemwambia ni wivu. Habari isiyo na chanzo. Aliendelea kuchambua mchele.

Ijumaa, 13 Juni

Mjomba Kaspari amekasirika. Hili si la wazee wa bao.

Ni kaka wa marehemu mama. Kwetu Waluguru ukoo ni wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Ukihama bila neno lake hukuhama, umetoroka. Jana alishuka kutoka Matombo na ndizi zake, akasimama kwenye lango la soko. Nikapita. Anadai nilipita hatua mbili kutoka alipo, akaniita "mpwa wangu", nikaenda zangu. Amempigia simu dada yangu: "Kanipita kama nguzo ya umeme." Kwenye chakula cha kuniaga, Jumamosi ya tarehe 28, haji.

Nimepitia daftari langu la jana. Nilipita langoni saa kumi na dakika kumi, nikitoka mahakamani. Mjomba sikumwona. Kelele za pale ni za watu wote. Ana miaka sabini na nane. Nimeamua kwamba alimfananisha mtu.

Jumamosi, 14 Juni

Somo la tisa. Barabara ya lami kwa mara ya kwanza, kuelekea Kingolwira. Saa moja na dakika ishirini asubuhi. Kasi ya arobaini. Ukingoni mwa lami, mkono wa kushoto, kulikuwa na baiskeli yenye mikungu mitatu ya ndizi.

Hayo nayaandika sasa. Wakati ule baiskeli haikuwepo.

Nilisogea kushoto kulipisha lori. Zuhura akakanyaga breki ya upande wake. Gari likasimama limepinda. Mwenye baiskeli alikuwa ameshajitupa kwenye majani, ndizi zimetawanyika. Hakuumia. Aliinuka akanitukana kwa mpangilio mzuri, akaanza na mimi, akarudi nyuma hadi kwa babu yangu.

Nikauliza ametokea wapi.

Zuhura hakutania. "Baba, tumemfuata tangu darajani."

Hajawahi kuniita baba. Alichukua usukani, akanirudisha mjini.

Daftari nimelifungua baada ya saa moja. Nimeona ajali nyingi kwenye barabara kuu hii, nimehesabu maiti pale Mikese nikiwa na kalamu mkononi, na daftari halikuwahi kunisubiri.

Jumapili, 15 Juni

Sikwenda kanisani. Nilirudi Kingolwira kwa bodaboda, nikafanya ninachojua kufanya.

Shahidi wa kwanza, mwenye ndizi mwenyewe. Alikuwa anakarabati baiskeli nyumbani kwake. Nikamwomba radhi, akakubali baada ya kunitukana upya, kwa ufupi safari hii. Anasema alikuwa ukingoni muda wote. Alipiga kengele mara mbili.

Shahidi wa pili, mama muuza uji pale darajani. Aliliona gari la mafunzo likimfuata mtu wa ndizi, akamwambia mwenzake: yule dereva anamsindikiza.

Shahidi wa tatu, Zuhura, kwa simu. Yale yale.

Watatu hawafahamiani, maneno yao yanalingana. Wa nne ni mimi. Kama dereva angekuwa mtu mwingine, kichwa cha habari kingekuwa chepesi: dereva hakuona. Kisha ningeuliza kwa nini.

Jumatatu, 16 Juni

Mtihani wa trafiki ni Ijumaa. Fomu ya macho inatakiwa kabla. Karani wa chuo cha udereva akanyoosha mkono. "Niachie hapa mzee wangu, kesho inarudi na mhuri. Wewe unasoma magazeti kutwa nzima, macho yako yana kosa gani?"

Miaka sita iliyopita niliandika habari ya fomu zinazopigwa mhuri bila mtu kupimwa. Ilikaa ukurasa wa kwanza. Leo nilisimama mbele ya ule mkono kwa muda ambao siwezi kuupunguza: kama dakika nzima. Nilitaka kumpa.

Sikumpa. Uadilifu haukuhusika. Ni baiskeli.

Jumanne, 17 Juni

Kliniki ya macho. Nimesoma herufi zote ubaoni hadi mstari wa chini. Daktari, mwanamke mtaratibu wa makamo, akasema vizuri. Nikaanza kukunja fomu. Akasema bado.

Alinyoosha vidole pembeni mwa uso wangu, akaniuliza vingapi. Kulia nilijibu. Kushoto nikamwambia anyooshe basi. Akasema ameshanyoosha.

Kisha mashine. Unaweka kidevu, unatazama nukta moja, ukiona mwanga popote unabonyeza. Nilibonyeza. Katikati kulikuwa na vipindi virefu vya kimya. Nikadhani mashine inapumzika. Haikupumzika.

Presha ya macho. Ugonjwa hauumi, hauwashi, unakula pembeni kwanza. Jicho la kushoto limebaki na tundu la katikati. La kulia limeanza kuliwa upande wa puani. Kwa hiyo kushoto kwangu hakuna kitu. Kilichopotea hakirudi. Kilichobaki kitalindwa kwa matone kila jioni, maisha yote.

Nikamuuliza kwa nini basi sioni giza. Mahali pasipoonekana pangekuwa peusi. Akasema ubongo unajaza.

Unajaza na nini?

"Unakisia, baba. Ukiona lami, unatandika lami. Mahali ulipopazoea ndiyo usiseme, hautaki hata kuangalia."

Fomu ameijaza kwa wino wa bluu. Hafai kuendesha gari. Mhuri.

Ninaandika haya saa kumi na moja jioni. Nimeshayasoma mara mbili kuona kama kuna kosa. Hakuna kosa.

Jumatano, 18 Juni

Sijafanya kazi. Sijawahi kuandika sentensi hiyo.

Alhamisi, 19 Juni

Nimepita njia yangu ya kila siku, polepole, nikigeuza kichwa kushoto kila hatua kumi. Polisi, mahakama, hospitali, Msamvu, soko.

Kushoto kuna watu.

Kuna fundi viatu mpya karibu na mahakama. Si mpya, ana miezi minane pale. Kuna ukuta umebomolewa, mimi nilikuwa bado naupita mzima. Pale kona, meza ya bao iko kushoto kwangu nikiwa natoka nyumbani. Wazee wanne. Nimewaamkia mmoja mmoja. Mmoja akajibu marahaba huku akiwatazama wenzake. "Leo karudi kutoka Dodoma," akasema. Wakacheka. Sikuwaeleza.

Lango la soko: pale aliposimama mjomba na ndizi zake ni kushoto.

Nilirudi nyumbani nikatoa madaftari ya mwaka huu. Nilikuwa natafuta kitu kimoja, nikakipata, Aprili. Mwanafunzi aligongwa na pikipiki mbele ya shule, akavunjika mguu. Nilikuwa nikipita. Niliandika kwamba mwalimu wa zamu hakuwepo barabarani. Mwalimu mwenyewe, Rehema, alileta barua gazetini akisema alikuwepo, amesimama kando ya mti, na ndiye aliyembeba mtoto. Alikuwa ameshapewa onyo kwa maandishi. Nilimjibu kwa neno moja, na nakala ninayo: "Nilikuwepo."

Mti uko upande gani? Nilikwenda kuangalia kabla ya chakula cha jioni. Najua jibu, naliandika tu kwa sababu ndiyo kazi: kushoto.

Ijumaa, 20 Juni

Leo ulikuwa mtihani. Zuhura alinisubiri uwanjani na gari limeoshwa. Nikamwonyesha fomu. Aliisoma mpaka mwisho, akaikunja, akanirudishia. Akajaribu: "Basi mtani, Morogoro nzima imepona." Halafu akageuka akaanza kufuta kioo kilichokuwa safi.

Kutoka pale nilikwenda kwa Mwalimu Rehema. Nikamweleza nikiwa nimesimama. Hakulia wala hakunifariji. "Miezi miwili kila mtu shuleni ananitazama. Asante. Sasa iandikwe." Nimeiandika saa sita mchana, maneno tisini: mwandishi alikosea, mwalimu alikuwepo. Mhariri wangu hapa alitaka iwe "kutokana na hitilafu". Nimekataa neno hitilafu. Itatoka kesho.

Barua ya Dodoma sijaandika. Stela anajua kila kitu tangu Jumanne. Amesema jambo moja tu, kwamba pale wanataka leseni, hawajataka fomu, na karani bado yupo. Alisema kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya. Kisha akasema nisimsikilize mtu, hata yeye.

Nina hofu. Niandike hivyo hivyo. Nikisema, kazi inaweza kuondoka. Nikinyamaza, kuna baiskeli nyingine, na Dodoma hakuna breki ya Zuhura.

Jumamosi, 21 Juni

Matombo. Gari la asubuhi, mashimo yote kama yalivyokuwa. Nilikaa dirisha la kushoto ili niwe na watu wote kulia. Nimeanza kupanga mambo namna hiyo.

Mjomba alikuwa anaanika mdalasini kwenye jamvi. Nikapiga goti. Shikamoo mjomba. Aliacha ikae hewani. Akageuza magome ya upande mmoja, akageuza ya upande wa pili, kisha: "Marahaba. Umepotea njia? Dodoma ni kule."

Nikamweleza. Nilitumia maneno ya daktari, bila kupamba. Akainuka, akanizunguka hadi upande wangu wa kushoto, akasimama.

"Niko wapi?"

Sikuoni, mjomba.

"Nimeinua mkono au sijainua?"

Sijui.

Alikaa chini palepale kwenye udongo. Nilisikia tu. Nilipogeuka alikuwa anatazama mikono yake. "Bora ungekuwa na maringo," akasema. "Maringo tungeyatoa kwa fimbo."

Tulikula ndizi za kuchemsha na maharage. Hakuzungumza tena juu ya macho hadi nilipoaga. Nikamwambia huenda hakuna tena kazi wala chakula cha kuniaga. Akauliza kama nimewaambia. Nikasema bado. "Basi unaniaga mimi kabla hujajua kama unaondoka. Mwandishi gani wewe?"

Jumapili, 22 Juni

Nimeandika kwa mhariri mkuu wa Dodoma. Mistari mitano. Nimepimwa, nimekutwa na ugonjwa huu, sitapata leseni sasa wala baadaye, kusoma na kuandika sijaathirika, nasubiri uamuzi. Nimeambatanisha fomu. Nimeambatanisha pia masahihisho ya jana, kwa kuwa mtu anayeajiri mwandishi ana haki ya kuyaona.

Nimetuma saa tatu na robo asubuhi. Kisha nimekaa.

Jumanne, 24 Juni

Kimya.

Matone yanachoma kidogo. Stela ananiwekea, mkono wangu mwenyewe unakosea jicho.

Alhamisi, 26 Juni

Mhariri mkuu wa Dodoma amepiga simu mwenyewe. Sauti ya mwanamke aliyezoea kukata maneno ya watu. Alisema nafasi niliyoajiriwa haipo tena kwangu, inamwendea kijana wa hapohapo mwenye leseni. Nikasema nimeelewa. Akasema hajamaliza.

Meza ya uhariri ina kiti. Unakaa, unaletewa habari, unazisahihisha. Daraja la chini. Hakuna gari, hakuna kwenda Bungeni. Kisha akasema ameyasoma yale masahihisho. "Watu wangu hapa huwa wanaandika 'hitilafu'. Nataka mtu wa kukaa nao."

Nina hadi kesho saa sita.

Sikupata furaha. Nilitarajia kupata. Miaka ishirini na minne nimewaonea huruma watu wa mezani, wanaosoma dunia iliyoonwa na wengine. Mimi ndiye niliyekuwa naiona kwa macho. Ndivyo nilivyodhani.

Ijumaa, 27 Juni

Nimekubali. Saa tano na nusu.

Jumamosi, 28 Juni

Chakula cha kuniaga. Mjomba alikuja, na mkungu, na kuku wawili waliofungwa miguu. Zuhura alikuja. Aliwaeleza watu wote habari ya kipilefti, akaongeza mizunguko miwili. Mjomba aliposikia ni Mnyamwezi akamdai kuku mmoja, fidia ya mababu waliopita hapa na misafara na kula bila kulipa. Zuhura akamjibu kwamba mababu zake walikula, ndiyo, na chakula kilikuwa hakina chumvi. Wazee wa bao walicheka hadi kukohoa.

Mjomba alitoa neno lake akiwa amesimama. Fupi. Mtoto wetu anakwenda, anakwenda na jicho moja na nusu, na aliyetusaidia kujua ni mtu wa ndizi. Asinyimwe njia.

Jumatatu, 30 Juni

Treni ya umeme, saa mbili na dakika kumi asubuhi. Stela anabaki hadi shule zifungwe Desemba. Hakulia stesheni, wala mimi. Masanduku mawili na boksi la madaftari.

Uluguru ilikuwa na wingu hadi katikati. Ilikuwa upande wa kushoto. Niligeuza kiti kizima, au tuseme mwili, nikaitazama hadi ilipokwisha.

Jumanne, 1 Julai

Dodoma. Upepo mkavu, midomo imepasuka siku ya kwanza. Barabara pana kuliko uwanja wa mpira, na pembeni mchanga. Hakuna anayetembea. Nimemuuliza mlinzi wa ofisi duka la dawa liko wapi. "Hapo tu karibu, mzee. Dakika tano." Nikaanza kwenda. Akaniita kwa mshangao: "Kwa gari!"

Nimekwenda kwa miguu. Dakika hamsini na mbili, kwenda tu, bila kurudi. Matone ninayo ya mwezi mzima sasa, sitarudia safari hiyo mapema.

Chumba nimekipata ng'ambo ya barabara, usawa wa lango la ofisi. Ni kidogo na kina kelele za malori. Mwenye nyumba hakuelewa kwa nini nimekataa kile kizuri cha kule mbele, chenye bustani. Nilimwambia napenda karibu.

Ijumaa, 4 Julai

Kikao cha wahariri, saa tatu. Nilifika dakika ishirini kabla, nikachagua kiti cha mwisho mkono wa kushoto wa meza, ukuta kwenye bega la kushoto. Kutoka pale naona wote tisa.

Mhariri mkuu aliingia, akasema kile ni kiti cha mtu wa michezo, nisogee katikati.

Nilikuwa na jibu la uongo tayari. Mgongo. Nilikuwa nimelitayarisha tangu juzi na lilikuwa zuri.

Nikasema: upande wangu wa kushoto sioni. Ni ugonjwa, hautapona. Mtu akija upande huo aniite kwa jina, nisipoitika aniite tena.

Kijana aliyepewa nafasi yangu, funguo za gari ziko mbele yake mezani, aliinamisha kichwa. Mtu wa michezo akachukua daftari lake akahamia kiti kingine. Mhariri mkuu akasema haya, tuanze, na tukaanza na habari ya maji. Mwandishi alikuwa ameandika kwamba hakuna kiongozi aliyefika kwenye kisima kilichoharibika. Nikamuuliza alisimama wapi alipokuwa anaangalia. Hakujua. Nimemrudisha kisimani.

Jioni upepo umepungua. Matone nimeweka mwenyewe, mara ya pili yameingia. Barabara nimeivuka mara mbili leo. Mara zote mbili nimefika.